Vibao vya Biashara vya Kuchonga: Mbao, Ufundi na Sheria

Barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, katika wilaya za Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, hupitisha malori ya mizigo yaendayo Rwanda. Kwa wenye nyumba za wageni, migahawa na gereji kandokando yake, kibao kinachosomeka huleta wateja.

Uimara wa kibao cha kuchonga huanzia kwenye ubao. Mninga hustahimili mchwa, haupindi sana unapokauka na huchongeka vizuri. Msindano ni laini, hivyo huhitaji dawa ya kuhifadhi mbao. Ubao wowote ukaushwe kwanza kivulini, kwani ubao mbichi hupasuka baada ya kuchongwa.

Fundi huchora herufi kwa penseli, kisha huchimba mistari iliyonyooka kwa patasi na mikunjo kwa bobari, akifuata mwelekeo wa nyuzi. Herufi zenye kimo cha sentimita 10 husomeka kwa umbali wa takriban meta 30. Baada ya kupiga msasa, herufi hupakwa rangi ya mafuta na ubao wote vanishi, hasa kwenye ncha zake, ambazo hufyonza maji zaidi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka miti ya misitu ya hifadhi ivunwe kwa kibali. Aidha, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande kutoka katikati. Kibao kilichosimikwa humo bila kibali kinaweza kuondolewa. Hivyo, mfanyabiashara aombe kibali TANROADS kabla ya kumlipa fundi.