Biri za Davidoff za Kuba

Biri zilizosokotwa Havana kwa jina la Zino Davidoff (1906–1994), muuza tumbaku wa Geneva, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Zilitoka hasa katika kiwanda cha El Laguito, kilichotengeneza pia biri za Cohiba. Leo ni miongoni mwa biri zinazosakwa zaidi na wakusanyaji, hususan zile za aina ya Dom Pérignon na Château.

Ushirikiano wa Davidoff na Kuba ulivunjika kwa ugomvi juu ya ubora. Mwaka 1989 kampuni ya Davidoff iliteketeza biri zaidi ya 100,000 ikidai hazifai kuuzwa, kisha ikahamishia utengenezaji Jamhuri ya Dominika. Akiba iliyobaki haiongezeki. Kila biri inayovutwa hupunguza hesabu, na wapo wanunuzi wasiothubutu kuwasha hata moja.

Bei kubwa imewaleta waghushi. Pete nyeupe peke yake si ushahidi, kwani biri za Dominika nazo huvaa pete nyeupe. Mnunuzi makini hupindua sanduku: chini hutafuta chapa ya moto “Hecho en Cuba” na, kwa masanduku ya kuanzia 1985, herufi za siri za kiwanda na tarehe.

Biri hizi huhifadhiwa ndani ya masanduku ya mwerezi, unyevu ukiwa asilimia 65 hadi 70. Joto likizidi, mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, huanguliwa, na funza wake hutoboa biri yenye thamani ya mshahara mzima.