Gobore ni nini, na kwa nini linamuua hata mwenyewe?

Gobore ni bunduki ya kienyeji: baruti na vyuma hushindiliwa kupitia mdomoni. Geita ni nchi ya Warongo, wafua chuma tangu enzi za mababu. Lakini wadau, ufundi wa jembe siyo ufundi wa silaha! Bomba la maji halikutengenezwa kubeba mlipuko. Na chuma cha kumimina kikiwa na kiputo ndani hupasuka ghafla, hakipindi kwanza. Hapo mpigaji anabaki bila vidole, au bila macho.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali. Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha kwa hiari.

Umekuta la marehemu babu darini? Usiliguse, huenda bado limeshindiliwa. Waite polisi.