Mzigo mwepesi kwa mwanamke anayeshuka Pwani kutoka Gusii

Kila ifikapo likizo ya Agosti au ya Desemba, vituo vya mabasi vya Kisii, Keroka na Nyamira hufurika wasafiri waendao Mombasa, Kilifi, Diani na Lamu. Wengi ni wanawake, na aghalabu wao ndio wenye mizigo mikubwa: begi la nguo, mkungu wa ndizi, mfuko wa unga wa wimbi na mkoba wa vitu vya watoto. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wake halisi huujua yule anayeubeba.

Safari kutoka mji wa Kisii hadi Mombasa ni ya takriban kilomita 800, na mzigo haukai mahali pamoja. Huondolewa nyumbani kwa bodaboda, hupakiwa katika basi linalopitia Bomet na Narok, hushushwa Nairobi, kisha hupandishwa tena katika basi jingine au gari la moshi. Mwanamke asiyeweza kuuinua peke yake hulazimika kumtegemea hamali asiyemfahamu, kukubali nauli yoyote anayotajiwa na mwenye gari, ama kuuacha mzigo mikononi mwa mgeni aendapo msalani. Kwa hiyo, wepesi wa mzigo ni suala la usalama na uhuru wa msafiri kabla ya kuwa suala la starehe.

Kipimo chepesi ni hiki: begi liweze kubebwa na mwenyewe kwa robo saa bila kuwekwa chini, na mkono mmoja ubaki huru. Mwenye mtoto mchanga anahitaji begi la mgongoni, kwa kuwa mikono yake tayari ina kazi.

Tofauti ya hali ya hewa

Kosa la kwanza hutokana na kufunga nguo za nyumbani kwa safari ya ugenini. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na usiku huhitaji blanketi. Mombasa iko ufuoni, na hewa yake ina unyevu mwingi. Kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ndicho chenye joto kali zaidi. Masika hunyesha hasa kuanzia Aprili hadi Juni, na Agosti huwa na upepo wa kusi unaopunguza joto.

Sweta moja linatosha, nalo huvaliwa mwilini wakati wa safari, hasa kwa wale wanaosafiri usiku na kukabili baridi ya nyanda za juu karibu na Nairobi. Viatu vizito navyo huvaliwa miguuni. Begini huingia malapa au viatu vyepesi vya wazi peke yake. Jaketi nene, mashuka na taulo kubwa hubaki nyumbani.

Nguo za siku 7

Kwa likizo ya juma moja, mwanamke anaweza kutosheka na magauni mawili mepesi ya pamba, sketi au suruali moja pana, blauzi tatu, vazi la kulalia, nguo za ndani za siku nne au tano na vazi la kuogelea. Nguo hufuliwa jioni na kuanikwa. Pamba nyembamba hunyonya jasho na kupitisha hewa, ilhali vitambaa vizito kama vile jinzi huchelewa kukauka katika hewa yenye unyevu. Rangi zinazopatana huwezesha kila blauzi kuvaliwa na kila vazi la chini. Nguo zikikunjwa kwa kuviringishwa, hutwaa nafasi ndogo.

Adabu ya mavazi nayo haina budi kuzingatiwa. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika Lamu, maeneo ambayo wakazi wengi ni Waislamu, mavazi ya ufuoni hayafai mitaani. Gauni refu na mtandio mwepesi humwezesha mgeni kuzuru Fort Jesus asubuhi, kwenda sokoni adhuhuri na kuwatembelea wenyeji jioni bila kubadilisha nguo. Anayetaka dera anaweza kulinunua huko huko, kwa hivyo hana haja ya kujaza begi magauni ya ziada.

Leso, vazi la kazi nyingi

Hakuna kitu kinachompunguzia mwanamke mzigo kuliko doti moja ya leso. Leso huuzwa mbili mbili, nyembamba na nyepesi. Hutumika kama taulo, shuka la kujifunika, mkeka wa ufuoni, kitambaa cha kichwani, mbeleko ya mtoto na pazia la kubadilishia nguo. Hukauka upesi kuliko taulo. Atakayekosa kuibeba ataipata katika maduka ya Barabara ya Biashara, Mombasa, ambayo yana sifa ya muda mrefu kwa bidhaa hiyo. Hata hivyo, ni busara kuyasoma maandishi yake kabla ya kuinunua, kwani leso husema. Fumbo lililokusudiwa mke mwenza au jirani mchokozi linaweza kumtia mgeni matatani asijue chanzo.

Vitu visivyopunguzwa

Upo mzigo ambao haufai kuachwa hata begi likijaa. Wa kwanza ni kinga dhidi ya malaria. Wakazi wa nyanda za juu za Gusii hawaumwi na mbu wa malaria mara kwa mara kama walio katika maeneo ya joto, hivyo miili yao haijajenga kinga ya kutosha. Wanaposhuka Pwani, wanaweza kuugua vibaya, na wanawake wajawazito pamoja na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Chandarua chenye dawa hukunjika kikawa kidogo, na ni afadhali kukibeba kuliko kukuta cha nyumba ya wageni kimetoboka. Dawa ya kufukuza mbu na gauni la mikono mirefu la jioni hukamilisha kinga hiyo. Mjamzito na atumua kumwona mhudumu wa afya kabla ya kuondoka. Iwapo homa itamshika msafiri akiwa huko, au hata wiki kadhaa baada ya kurejea, aende kupimwa na amweleze mhudumu kwamba alikuwa Pwani.

Wa pili ni dawa za kila siku, kama vile za shinikizo la damu, kisukari au kupanga uzazi. Hizi hukaa katika mkoba wa mkononi pamoja na kitambulisho, simu na fedha, wala hazitiwi katika buti la basi. Zihesabiwe kwa siku zote za safari na siku chache za ziada. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Sabuni, mafuta na sodo hupatikana katika maduka ya miji ya Pwani. Kiasi kidogo cha kuanzia kinatosha.

Zawadi na sheria

Mgeni wa Gusii hapendi kwenda mikono mitupu. Badala ya mkungu mzima wa ndizi, unga kidogo wa wimbi au kifungu cha chinsaga iliyokaushwa humfurahisha jamaa aliyekaa mbali na nyumbani. Vinyago vya mawe laini ya Tabaka hupendeza, lakini ni vizito na huvunjika. Kimoja kidogo, kilichoviringishwa ndani ya leso, kinatosha.

Aidha, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, zikiwemo mbuga za baharini. Mfuko wa kitambaa na chupa ya maji ya kujazwa tena humwepushia msafiri usumbufu. Kwa wanaopanda Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, mizigo hunuswa na mbwa na kupitishwa katika mashine za ukaguzi kabla ya kuingia kituoni. Mwenye begi moja hupita upesi kuliko mwenye matano.

Mwisho wa safari ndipo faida huonekana zaidi. Anayevuka Likoni kwa feri hutembea katikati ya umati, na anayekwenda Lamu hushuka Mokowe akapanda boti, kisha hupita katika vichochoro ambamo punda ndiye mchukuzi mkuu. Begi lililobaki na nafasi litarudi Gusii na halua, achari na leso za wale waliosalia nyumbani.