Maduka ya Miji Midogo, Muziki, na Sikukuu za Desemba
Habari za Nakuru na Bonde la Ufa la Kati



Kila ripoti ya mwaka hueleza fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Kurasa hizi chache zaeleza hesabu ya namna hiyo hiyo, ila si ya sanduku la chama, bali ya miji yetu. Kila mwaka, tangu Sikukuu ya Jamhuri tarehe 12 Desemba mpaka Mwaka Mpya, watu hurudi makwao, mifuko hufunguka, na fedha nyingi hupita mikononi kwa muda wa wiki tatu tu. Je, fedha hizo hukaa Njoro, Molo, Gilgil na Bondeni, au hupita kama maji ya mvua juu ya mwamba? Ili kulijibu swali hili yatupasa kwanza tukumbuke jinsi maduka yetu na ngoma zetu zilivyoanza.

RELI NA DUKA

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka wa 1900, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Mwaka wa 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Ukiitazama ramani utaona kwamba Naivasha, Gilgil, Njoro, Elburgon, Molo na Rongai zote zimekaa juu ya njia ya reli. Stesheni ilitangulia, duka likafuata, na mji ukakua nyuma ya hayo mawili.

Wenye maduka ya kwanza walikuwa aghalabu wafanya biashara wa Kihindi, waliouza nguo, chumvi, sukari, mafuta ya taa na mabati. Mwafrika aliruhusiwa kununua, lakini kuuza ilikuwa shida, kwa kuwa nchi iliyouzunguka mji ilikuwa imetengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, na kiwanja cha duka hakikupatikana kwake kwa urahisi. Nafasi yake ilikuwa sokoni, au barazani mbele ya duka la mwingine, mguu ukiwa juu ya cherehani. Hata hivyo, mafundi wale wa barazani ndio waliowashonea wafanya kazi wa mashambani na watoto wao nguo za Krismasi. Mshahara ulikuwa mdogo, tena sehemu yake ililipwa kwa posho ya unga; kwa hiyo shilingi ya Desemba ilikuwa na heshima kubwa, na aliyeipokea aliijua thamani yake.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967, pamoja na mikopo ya shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, iliwawezesha Waafrika wengi kuyachukua maduka ya miji midogo. Wengine walifanikiwa, wengine walishindwa kwa kukosa akiba na ujuzi wa kutunza daftari. Lakini tangu hapo lawama na sifa za duka zilikuwa zetu wenyewe.

NGOMA NA MSAADA

Yafaa vijana wajue ya kuwa vyama vya msaada na ngoma ni watoto wa tumbo moja. Katika miaka ya 1890 huko pwani, Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na tarumbeta za askari. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipokwisha, askari na wapagazi waliirudisha makwao, ikaenea katika miji ya Afrika ya Mashariki. Beni ilikuwa na vyeo vyake, michango yake, na mashindano yake siku za sikukuu. Lakini wachezaji hawakuchanga kwa ajili ya ngoma tu: mwenzao alipougua walimtunza, na alipofariki walimzika.

Vyama vya miji vilivyokuja baadaye, katika mitaa ya Waafrika iliyotangulia kama Bondeni, vilifuata njia hiyo. Dansi iliandaliwa ukumbini, kiingilio kikakusanywa, na fedha zikatumika kusafirisha maiti ya ndugu hadi kwao au kumlipia mtoto karo. Kwa hiyo mpiga gita hakuwa mtu wa kupoteza wakati, kama wengine walivyodhani. Alikuwa mmoja wa waliolijaza sanduku la chama.

DUKA NA SANTURI

Duka na muziki navyo vilishikana mikono. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi yake kutoka Afrika Kusini, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akanasa sauti za waimbaji wa huko. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo ule uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimesikika kijijini kwa santuri. Wenyeji walilichukua jina la mgeni, wakalitamka kwa ulimi wao na kulitilia sauti ya kinanda chao cha nyuzi, hata likawa wimbo wao halisi. Sahani hizo za Tracey zilihifadhiwa mbali, huko Afrika Kusini, na ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya nakala zake kurudishwa kwa wenyewe. Wako waliosikia sauti za ujana wao wakiwa wazee wenye mvi.

Hapo pana fundisho. Wimbo ulionaswa na mgeni ukachukuliwa mbali uliwafaa wenyewe kidogo sana, ijapokuwa uliokolewa usipotee. Lakini wimbo ulionaswa na mwenye duka wa mji wenyewe ulikuwa na safari nyingine. Katika mji wa Kericho, jirani yetu wa magharibi, familia ya Chandarana ilikuwa na duka la sahani za santuri, na kutoka katika duka hilo ikatokea kazi ya kuwanasa wanamuziki na kutoa sahani zenye nembo ya Chandarana. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wa benga, wa Kijaluo na wa Kikipsigis, walipita katika mlango huo. Na Kipchamba arap Tapotuk, aliyefariki mwaka wa 2007, alikuwa mmoja wa waliolifanya gita la Kikalenjin lisikike nchini kote. Jambo hilo halikufanyika Nairobi, bali katika mji mdogo wa majani ya chai, kwa sababu mwenye duka aliwafahamu wateja wake, nao wateja walikuwa tayari kutoa shilingi yao kwa sahani ya mtu wanayemfahamu.

Kisha zilikuja kanda, na pamoja na kanda ukaja wizi wa kunakili. Kanda moja iliyonunuliwa kwa haki ilizaa kumi za bure, na mwanamuziki akasikia wimbo wake katika kila gari bila kupata hata senti ya chai. Chama cha kulinda haki za watunzi wa muziki kiliundwa nchini mwaka wa 1983, lakini sheria haiwezi kumlinda mtunzi ambaye majirani zake wenyewe hawaoni aibu kumla bila kumlipa.

MADUKA YALIYOTOKA KWETU

Watu wengi huyasifu maduka makubwa ya kujihudumia, wasijue ya kuwa matatu kati ya yale yaliyovuma sana nchini yalichipuka katika wilaya yetu. Nakumatt, jina lake ni kifupi cha maneno mawili: Nakuru, na godoro kwa Kiingereza. Tuskys ilianza kwa duka la Mzee Joram Kamau huko Rongai, nayo pia iliwahi kuwa na godoro katika jina lake. Naivas ilianzishwa na Mzee Peter Mukuha Kago, aliyeanza naye katika Rongai hiyo hiyo, na jina la duka lake lilitokana na Naivasha. Rongai ni mji mdogo kwelikweli. Mpita njia aweza kuupita akisinzia.

Nakumatt ilikua hata ikawa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Kisha madeni yakaizidi nguvu, na mwezi wa Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe. Tuskys nayo ilifunga karibu matawi yake yote katika miezi iliyofuata. Walioumia si wenye maduka peke yao. Waliopeleka mkate, maziwa, mboga na fanicha kwa ahadi ya kulipwa baadaye walibaki na karatasi mkononi. Naivas imesalia, lakini mwaka wa 2022 wawekezaji wa nje, wakiongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius, walinunua asilimia 40 ya hisa zake. Hatusemi hili kwa wivu, maana kukua si kosa. Twalisema ili ikumbukwe kwamba mti mkubwa huanza kwa mche, na miche iko mbele ya milango yetu leo ikingoja maji.

DESEMBA ZA MASHAKA

Hatuwezi kuandika habari za sikukuu katika Bonde la Ufa na kuyaficha majonzi. Kuanzia mwaka wa 1992, chaguzi kuu nne mfululizo zilifanyika katika wiki ya sikukuu: tarehe 29 Desemba 1992, 29 Desemba 1997, 27 Desemba 2002 na 27 Desemba 2007. Uchaguzi wa 1992 ulitanguliwa na mapigano ya Molo na kwingineko. Ule wa 1997 ulifuatwa na mapigano ya Njoro mwezi wa Januari 1998. Baada ya matokeo kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi iliwaka, na mwishoni mwa Januari 2008 moto huo ukafika Nakuru na Naivasha. Watu waliuawa, wengine wakafukuzwa, na maduka yaliyokuwa yamejazwa bidhaa za sikukuu yakateketea pamoja na daftari zake za madeni.

Wahenga walisema, biashara haigombi. Duka la mji mdogo ni mahali ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mhindi hulazimika kusalimiana, kupatana bei na kuaminiana mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Likichomwa, haiteketei mali tu. Salamu zile nazo hukoma. Tangu 2013 uchaguzi mkuu umeondolewa katika mwezi wa Desemba: ulifanyika Machi mwaka huo, kisha Agosti 2017 na Agosti 2022. Sikukuu tumerudishiwa. Ni juu yetu kuitumia kwa amani.

LA KUFANYA

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne katika nchi. Jiji likikua, miji midogo inayolizunguka yaweza kustawi pamoja nalo, au kukauka kivulini mwake.

Mama mwenye watoto watano, akinunua unga na sukari palipo na bei nafuu, hana kosa, na chama hakitamlaumu. Lakini yako mambo ambayo duka kubwa halituzidi. Sare ya shule ya Januari aishone fundi wa barazani, aipime mwilini mwa mtoto. Kiti na meza vitoke kwa seremala wa mtaani. Nyama ya Krismasi inunuliwe kwa mchinjaji tunayemjua, na picha ya jamaa nzima ipigwe na mpiga picha wa mji wetu. Kalenda na kadi za chama zichorwe na kijana wetu mwenye kipaji, alipwe.

Kuhusu muziki, chanda chema huvikwa pete. Bendi ikialikwa kwenye harusi au karamu ya chama, bei na ipatanwe mapema, malipo ya kwanza yatolewe kabla ya siku, na yaliyobaki yatolewe usiku ule ule. Sahani ya chakula na pongezi si mshahara.

Wenye maduka nao wanao wajibu wao. Mizani iwe ya haki, bei isipandishwe mkesha wa Krismasi kwa kuwa mteja hana pa kwenda, na anayewaletea bidhaa asizungushwe njoo kesho. Anayeomba kuungwa mkono na mji, naye auunge mkono mji.

Mwisho, kila mwanachama akumbuke ya kuwa nyuma ya Desemba inakuja Januari, mwezi wa karo. Shilingi iliyotumika kwa fundi wa mtaani yaweza kurudi kama karo ya mtoto wa fundi huyo, na kama mchango wake katika sanduku hili letu. Ndiyo hesabu tuliyoahidi kuieleza mwanzoni, nayo hufungwa kila mwaka mikononi mwetu wenyewe.