Kakao ya São Tomé na miaka minane ya kusubiri

Mwaka 1901, William Cadbury alikuwa safarini Trinidad aliposikia kwamba kakao ya São Tomé, kisiwa kilichokuwa cha Wareno katika Ghuba ya Guinea, inalimwa na watumwa. Habari hiyo ilimgusa moja kwa moja, kwa sababu kampuni ya familia yake, Cadbury Brothers ya Birmingham, ilikuwa ikinunua karibu nusu ya kakao yake huko. Muda si mrefu kampuni ikaletewa taarifa ya shamba lililokuwa likiuzwa kisiwani. Katika orodha ya mali za shamba hilo walikuwamo vibarua weusi 200, waliothaminiwa kwa jumla ya pauni 3,555.

Hiyo ni karibu pauni 18 kwa kila mtu. Sheria ya Ureno ilikuwa imekwisha kufuta utumwa tangu miaka ya 1870, na kwenye vitabu vya serikali watu hao waliitwa vibarua wa mkataba. Lakini kibarua hauzwi pamoja na shamba. Mwenye kusoma orodha ile alijua anachokisoma.

Waliosoma hawakuwa watu wa hivihivi. John Cadbury alifungua duka lake Birmingham mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Wanawe Richard na George walikabidhiwa biashara mwaka 1861, wakaikuza, na mwaka 1879 wakahamishia kiwanda nje ya mji, mahali walipopaita Bournville. Baadaye zilijengwa huko nyumba nzuri zenye bustani, katika enzi ambayo wafanyakazi wengi wa Uingereza walibanana kwenye vichochoro vya moshi. Familia hiyo ilikuwa ya Waquaker, dhehebu ambalo waumini wake magharibi mwa Kenya wanaitwa Marafiki, na ambalo lilipinga biashara ya watumwa tangu karne ya 18. George Cadbury alimiliki pia gazeti la Daily News, lililowatetea vibarua wa Kichina walioteswa katika migodi ya Transvaal, Afrika Kusini. Kama kuna mfanyabiashara wa Ulaya aliyetarajiwa kuususia utumwa siku ileile alipousikia, ni huyu.

Hawakususia. Walianza kuuliza. Mwaka 1903 William alikwenda Lisbon kuonana na wenye mashamba na maofisa wa serikali. Aliahidiwa kwamba sheria mpya itarekebisha mambo, na kama haamini, atume mtu akajionee. Kampuni ikaamua kuipa sheria hiyo muda. Mwaka 1904 ikamwajiri Joseph Burtt, Mquaker mwenzao, ambaye ilimbidi kwanza ajifunze Kireno. Akang'oa nanga Juni 1905. Alizunguka São Tomé, Príncipe, Angola na Msumbiji, akarudi Uingereza mwaka 1907. Hata hapo ripoti yake haikutolewa upesi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliomba lugha yake ilainishwe, maana migodi ya Transvaal ilitegemea vibarua kutoka Msumbiji na wizara haikutaka kuwaudhi Wareno.

Wakati Burtt bado yuko njiani, mwandishi wa habari Henry Nevinson alikuwa amekwisha kuona na kuandika. Aliifuata njia inayotoka bara ya Angola hadi pwani ya Benguela, ambayo misafara ya watumwa iliipita. Kando ya njia aliona pingu za mbao zikining'inia mitini, na mifupa ya watu walioshindwa kutembea. Pwani alishuhudia jinsi mtumwa anavyogeuzwa kuwa kibarua. Watu walipangwa mbele ya ofisa, wakaulizwa kama wanakubali kwenda São Tomé, na jibu lolote, hata kimya, likaandikwa kuwa ndiyo. Kila mmoja akavishwa kisahani cha bati chenye namba, pamoja na kibomba cha bati chenye karatasi ya mkataba wake ndani. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, lakini waliorudi kwao walikuwa wachache mno. Makala za Nevinson zilianza kutoka katika jarida la Harper's mwaka 1905, na kitabu chake kikafuata mwaka 1906.

Muda wote huo meli ziliendelea kuleta kakao. Sababu za akina Cadbury zilisikika za busara. Tukiacha kununua, walisema, tutapoteza sauti mbele ya Wareno. Wanunuzi wengine watachukua kakao hiyohiyo, na mtumwa hatapata nafuu yoyote. Sioni sababu ya kudhani kwamba walidanganya. Fedha walizotumia kwa uchunguzi zilikuwa za kweli, na hatimaye ushahidi walioukusanya ulisaidia kuibana Ureno. Lakini faida ilifanya kazi yake polepole ndani ya hoja hizo. Kila mara kulipokuwa na njia mbili, ya kuacha na ya kungoja, ile ya kungoja ilikuja na kakao nzuri kwa bei inayolipa. Basi wakangoja.

Kilichobadilika ni kwamba palipatikana pa kununua kwingine. Mwaka 1879 Tetteh Quarshie alikuwa ameleta mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po, akazipanda Mampong, katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Wakulima wa huko waliipokea na kuieneza katika mashamba yao wenyewe, na kufikia 1911 nchi hiyo iliongoza duniani kwa kakao. Cadbury walianza kujenga ununuzi wao huko wakati uleule walipokuwa wakijiandaa kuondoka São Tomé. Machi 1909 ndipo wao, pamoja na Fry wa Bristol na Rowntree wa York, walipotangaza kususia kakao ya kisiwa hicho.

Walikuwa wamechelewa kuokoa jina lao. Septemba 1908 gazeti la Standard lilikuwa limewaita wanafiki, na kampuni ikalishtaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimhoji William Cadbury kizimbani, akamfanya akiri kwamba tangu walipopata habari hadi mwaka 1908 walinunua kakao ya São Tomé yenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 1.3. Kisha akamuuliza kama amewahi kukadiria ni watumwa wangapi waliokufa wakiiandaa kakao hiyo. William alijibu kwamba hajawahi.

Baraza la wazee wa mahakama liliona gazeti limekosea kudai kwamba kampuni ilichelewesha makusudi kwa nia mbaya. Likawapa Cadbury ushindi, na fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote zilizotumika Uingereza wakati huo.

Uamuzi huo naukubali kwa pande zote mbili. Watu wale walikuwa wema, na wema wao ndio unaotufundisha zaidi, kwa sababu mfanyabiashara katili hatuhitaji historia kumtambua. Miaka minane ya barua, safari na ripoti haikumrudisha kwao mtu hata mmoja aliyekufa São Tomé wakati huo. Basi kampuni yoyote ikikuambia kwamba inalifanyia kazi tatizo katika mashamba, migodi au viwanda inakonunua, iulize mambo mawili: ilijua lini, na tangu siku hiyo imenunua kiasi gani.