Chikungunya: Neno la Kimakonde Lililozunguka Dunia

Jioni moja nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa pale Magomeni Mapipa. Akaja mzee mmoja akijikongoja, vidole vimemvimba. "Jamani, malaria gani hii ya kuvunja viungo? Nimepima, hawaoni mdudu!" Wenzake wakamtania kwamba huo ni uzee. Mimi nikakumbuka Newala.

Mwaka 1952 wakazi wa uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, walikumbwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo, hata mtu akashindwa kunyoosha mgongo. Wenyewe waliiita chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Mlipuko ule uliendelea hadi 1953. Daktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, mtafiti wa Entebbe, waliandika habari zake mwaka 1955, naye R.W. Ross akakipata kirusi chenyewe katika damu ya mgonjwa. Jina la wenyeji likabaki lile lile.

Tangu hapo neno hilo limesafiri. Mwaka 2004 lilisikika Lamu na Mombasa. Mwaka 2005 na 2006 ugonjwa uliwapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion, ukaingia India, na mwaka 2013 ukavuka hadi visiwa vya Karibi.

Kirusi hiki ni kifuko kidogo mno kilichobeba uzi wa RNA wenye herufi zipatazo 12,000. Seli zetu nazo hutumia RNA: ndiyo hati inayonakiliwa kutoka kwenye DNA ili protini zitengenezwe. Lakini hati hiyo haitembei peke yake. Zipo protini ambazo umbo lake huishika RNA kama kiganja kinavyoshika kamba. Nyingine huikata na kuiunga, nyingine huisindikiza, nyingine huilinda, nyingine huipeleka ikaharibiwe. Mojawapo ni G3BP. Seli ikipatwa na msukosuko, G3BP huzikusanya hati mafungu mafungu, kazi ikasimama mpaka hali itulie.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa chikungunya. Protini yake moja, nsP3, huinasa G3BP na kuifanyisha kazi ya kirusi. Mlinzi wa nyumba amegeuzwa kibarua wa mwizi! Watafiti wameonyesha kwamba seli zikinyimwa G3BP, kirusi hiki hushindwa kuzaliana. Ni jambo la kutia matumaini, maana hadi leo hakuna dawa ya kukiua. Mgonjwa hutulizwa homa na maumivu tu.

Sasa turudi Mapipa. Mbu wa chikungunya ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, ndiye huyo huyo aliyeleta dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Hutaga kwenye maji ya mapipa, ndoo, vifuu na matairi mabovu. Tufunike mapipa yetu, tumwage maji yaliyotuama.

Wamakonde waliutazama ugonjwa wao, wakaupa jina linaloueleza. Sisi wa mjini, zaidi ya miaka 70 baadaye, bado kila homa twaiita malaria. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Na asiyejua jina la maradhi yake je?