Mifupa ya Manda na Shule za Misheni: Imani na Mageuko katika Nyanda za Njombe

Mabishano kati ya wenye imani ya dini na wakanamungu kuhusu asili ya viumbe huandikwa kwa kawaida kama historia ya Ulaya na Marekani, na pale Afrika Mashariki inapotajwa, msomaji hupelekwa moja kwa moja hadi Olduvai, kana kwamba nyanda za juu za kusini mwa Tanzania hazikuwa na lolote la kuchangia. Eneo ambalo tangu mwaka 2012 linaitwa Mkoa wa Njombe linastahili nafasi katika habari hiyo kwa sababu mbili ambazo ni nadra kuwekwa pamoja: elimu yake ya darasani iliasisiwa na misheni za Kikristo, na miamba ya upande wake wa kusini, katika Wilaya ya Ludewa, ni sehemu ya hazina ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe, ambayo wanasayansi wa nje wamekuwa wakiichimbua tangu miaka ya 1930. Nadharia ya mageuko, ambayo Charles Darwin aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1859, inaeleza kwamba viumbe hai vina asili moja na kwamba hubadilika kizazi hata kizazi, kwa kuwa wale wanaoyamudu vyema mazingira yao ndio wanaoacha wazao wengi zaidi. Jinsi nadharia hiyo ilivyofika Njombe, na kwa nini haikuzua huko vita ya maneno kama ile iliyozuka kwingineko, ndiyo habari inayofuatiliwa hapa.

Wabena, Wakinga na Wapangwa hawakuwa na mgogoro wa kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu kabla ya kuja kwa wamisionari. Jina la Mungu, Nguluvi, lilitajwa kwa heshima na kwa umbali fulani, huku shughuli za kila siku za dini zikielekezwa kwa wahenga, na palipotokea ukame au maradhi, swali lililoulizwa lilikuwa ni nani aliyesahauliwa katika tambiko. Wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Berlin, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda Ukinga na hatimaye wakaeneza vituo vyao Ubena, vikiwamo Kidugala na Ilembula katika Wanging'ombe ya leo, Lupembe, na Yakobi karibu na mji wa Njombe. Walitoka katika nchi iliyokuwa ikitokota kwa mjadala wa mageuko. Mwaka 1899, vituo hivyo vikiwa bado vichanga, Ernst Haeckel, mwanasayansi wa Jena na mpiga debe mkuu wa Darwin nchini Ujerumani, alichapisha kitabu kilichouzwa kwa wingi usio wa kawaida, ambacho kilimwondoa Mungu wa Biblia katika maelezo ya ulimwengu. Mwaka 1906 wafuasi wake wakaunda chama chao, na mwaka uliofuata wapinzani wao Wakristo wakaunda chama cha kuwajibu.

Mzigo huo wa ugomvi haukuingizwa katika mafundisho ya Ubena. Kilichofundishwa kilikuwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, na jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katekisimo hiyo, inapofafanua imani katika Mungu Muumba, haijishughulishi na hesabu ya siku za uumbaji wala na mpangilio wa viumbe, bali inamwelekeza mwanafunzi akiri kwamba yeye mwenyewe, pamoja na mwili wake, akili yake na riziki yake, ni kazi ya Mungu. Mkristo aliyelelewa katika kauli hiyo alipokutana baadaye na habari za umri wa dunia hakulazimika kuona kwamba msingi wa ungamo lake umeguswa, hata kama shemasi wake aliona hivyo. Vita vya Majimaji, ambavyo mnamo Septemba 1905 vilifika hadi kituo cha Yakobi wakati watu wa Mtwa Mbeyela walipokishambulia, vilihusu pia imani, lakini swali lake lilikuwa ni nguvu ipi inayomlinda mtu na risasi. Hakuna upande uliokana kuwapo kwa nguvu hizo.

Sayansi ya asili ya binadamu ilipita mlango mwingine kabisa, nao haukuwa mlango wa heshima. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni ambaye matokeo ya utafiti wake kuhusu maeneo ya Nyasa na Ruvuma yalichapishwa mwaka 1906, alipima miili ya wenyeji kwa mujibu wa elimu ya wakati wake, iliyopanga watu katika ngazi za ubora kwa vipimo vya vichwa na kudai kwamba inatumia kanuni za Darwin. Jirani zao Wahehe walikuwa wamekwisha kuona fuvu la mtawala wao Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, likichukuliwa na Wajerumani, na hata liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, Gavana Edward Twining alikuwa amelichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya vichwa vya jamaa za marehemu. Anayestaajabu kwa nini mkulima wa nyanda hizi aliipokea kwa shaka elimu inayozungumzia mafuvu ya watu wa kale hana budi kuanzia hapo, kabla ya kuilaumu Biblia.

Habari ya mifupa ya Ludewa na ng'ambo ya mpaka wake wa Ruvuma ni ndefu zaidi, na ilianza kwa kutafuta makaa ya mawe. Mto Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa karibu na Manda, na bonde lake limejaa miamba ya tabaka, yaani mchanga na tope vilivyolundikana na kugandamana kwa mamilioni ya miaka, ya jamii ile inayoitwa Karoo kwa jina la eneo la Afrika Kusini. Mjiolojia Wilhelm Bornhardt aliipitia katika miaka ya 1890, na katika utawala wa Waingereza G. M. Stockley wa idara ya jiolojia ya Tanganyika aliichunguza kwa ajili ya makaa, akachapisha taarifa yake mwaka 1932, ambamo alibainisha tabaka zenye mifupa. Mwaka 1933 akaja F. R. Parrington wa Cambridge, akaondoka na shehena ya visukuku. Punde baadaye Ernst Nowack, akifanya kazi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Tübingen, akakusanya shehena nyingine. Tabaka za juu zilipewa jina la Manda, na jina hilo la kijiji cha wavuvi likaingia katika vitabu vya wataalamu duniani kote.

Yapo mambo mawili katika mkasa huo ambayo yangeweza kubadili sura ya mjadala kama yangejulikana Njombe kwa wakati. La kwanza ni kwamba mtaalamu wa Tübingen aliyeandika juu ya mifupa ya Nowack, Friedrich von Huene, alikuwa Mprotestanti mcha Mungu, aliyeyaona mageuko kuwa njia ambayo Mungu aliitumia kuumba. Katika miaka ileile ambayo Walutheri wa Ubena walikuwa wakifunzwa na wamisionari wa Kijerumani, Mprotestanti mwenzao, Mjerumani pia, alikuwa akisoma historia ya uhai katika mawe ya jirani zao bila kuona kwamba anavunja imani yake, wala hakuna dalili kwamba shule hizo zilinufaika na mfano huo. La pili ni kwamba mifupa iliondoka. Mbeba hoja mkuu katika ugomvi wowote wa mageuko ni kitu kinachoweza kushikwa mkononi, na kitu hicho kilikuwa Cambridge, London na Tübingen.

Thamani yake ilichelewa kujulikana hata huko. Alan Charig, mwanafunzi wa Cambridge, alieleza baadhi ya mifupa ya Parrington katika tasnifu yake ya mwaka 1956, kisha mwaka 1963 akaenda katika bonde hilo na msafara wa pamoja wa makumbusho ya London na Chuo Kikuu cha London, lakini maelezo yake mengi yalibaki bila kuchapishwa hadi alipofariki. Ndipo mwaka 2010 Sterling Nesbitt na wenzake walipomtangaza Asilisaurus kongwe, mnyama wa ukoo wa karibu na dinosaria, ambaye jina lake lina maneno ya Kiswahili. Mwaka 2012 wakamtangaza Nyasasaurus parringtoni kutokana na mfupa wa mkono na pingili za uti wa mgongo zilizokusanywa miaka ya 1930, wakidokeza kwamba huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Na mwaka 2017 akafuata Teleocrater, aliyeonyesha jinsi ukoo wa dinosaria na ndege ulivyoonekana mara tu ulipoachana na ukoo wa mamba. Umri wa tabaka za Manda, unaokadiriwa kuwa takriban miaka milioni 240, bado unajadiliwa na wataalamu wenyewe, na inafaa kusema kwamba mjadala huo ni wa tarehe tu, si wa iwapo mageuko yalitokea.

Wanyama hao, hata hivyo, hawagusi mahali panapouma. Anayesoma Mwanzo kwa maana ya neno kwa neno atatatizika na mamilioni ya miaka, lakini hasira halisi katika mjadala huu, popote ulipofanyika, hutokana na kumhusisha binadamu na nyani, na hilo liliingia Njombe kupitia mtaala wa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, na somo la historia katika Tanzania huru likaanzia kwa binadamu wa kale, likajivunia Zinjanthropus aliyegunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, huku biolojia ya sekondari ikiyaweka mageuko karibu na mwisho wa masomo ya kidato cha nne. Kipindi cha dini hakikufutwa. Kilibaki katika ratiba, kikifundishwa na mchungaji, padri au shehe. Hivyo mwanafunzi mmoja, katika juma moja, aliweza kujifunza kwamba mwanadamu alitokana na viumbe waliomtangulia na kwamba aliumbwa kwa mavumbi, na mara nyingi mwalimu wa historia ndiye aliyeongoza kwaya ya Jumapili. Ubishi ambao Haeckel aliupeleka majukwaani ulimalizwa hapa na kengele ya kubadili vipindi. Amani hiyo ilikuwa na faida zake, lakini ilimfunza kijana kujibu mtihani kwa lugha moja na kuungama kwa nyingine, bila kutakiwa kamwe kuzikutanisha.

Dola nayo ilisaidia kuzima cheche. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyeongoza nchi ya kijamaa, alishikilia kwamba ujamaa hauhitaji mtu aamini wala akane kuwapo kwa Mungu, na Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa isiyokuwa na dini, ingawa wimbo wa taifa wenyewe ni sala. Ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 ulileta katika njia ya Makambako mafundi na vibarua wengi kutoka China, dola iliyofundisha ukanamungu rasmi. Lakini waliishi katika kambi zao chini ya nidhamu kali, wakachimba mahandaki ya mteremko wa Mlimba, wakaondoka, na kituo walichokiacha kikawa kiini cha mji wa biashara wenye makanisa na misikiti. Hata mihadhara ya hadhara ya miaka ya 1980 na 1990, ambamo wahubiri wa Kiislamu na wa Kikristo walishindana kwa aya mbele ya umati katika miji mingi ya Tanzania, ilijadili uungu wa Yesu na utume wa Muhammad, huku pande zote mbili zikikubaliana kimyakimya kwamba asiyemwamini Mungu hana nafasi jukwaani.

Madhehebu hayakusimama mahali pamoja. Wakatoliki, ambao dayosisi yao ya Njombe iliundwa mwaka 1968, walikuwa na waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950, ulioruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu mradi roho ikiriwe kuwa inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II akakiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwa Wasabato hali ni tofauti, kwa kuwa siku yao ya ibada ni ukumbusho wa juma la uumbaji, na anayeziondoa siku sita halisi anaing'oa Sabato yenyewe. Msimamo wao una mantiki ambayo wasomi wengi huidharau bila kuipima.

Mfano wa ugomvi uliofika hadharani unapatikana Kenya. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani wa makanisa ya kiinjili dhidi ya jinsi Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ilivyokusudia kuonyesha mifupa ya binadamu wa kale aitwaye kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, na Richard Leakey, ambaye hakuwa na imani ya dini ijapokuwa babu yake alikuwa mmisionari, akaitetea; miaka kumi baadaye wakanamungu wa nchi hiyo walisajili chama chao, na usajili huo ukasimamishwa mwaka huohuo. Ugomvi wa Nairobi uliwezekana kwa kuwa mifupa ilikuwa mjini, mbele ya macho ya watu, ikidai kuelezwa.

Visukuku vya Manda vilivyochimbuliwa katika karne hii, pamoja na kielelezo cha msingi cha Asilisaurus, vimewekwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, wakati vile vya Parrington vingali Uingereza. Makaa ya Mchuchuma, ambayo mipango ya kuyachimba pamoja na chuma cha Liganga imedumu kwa miongo kadhaa, yamo katika mfululizo uleule wa miamba ya Karoo ambao Stockley aliuchora, na kwa hiyo, shughuli hiyo itakapoanza kwa ukamilifu, huenda watakaoifikia kwanza mifupa mingine ya Ruhuhu wakawa, kama mara ya kwanza, watu waliokwenda kutafuta kuni za viwanda.